Kiti cha Pointi

Mke wangu aliagwa kanisani siku ya Jumapili. Jumatatu kwaya nzima ilimsindikiza gare, kituo cha mabasi, ikamwimbia mpaka basi la Kigali likapotea kwenye kona. Jumatano alikuwa chumbani kwetu, nyuma ya pazia, akinikataza kupiga chafya.

Naitwa Théoneste Nzabonimpa, fundi pikipiki wa hapa Kamembe. Sijawahi kulala mahabusu hata siku moja. Lakini mwaka huu nimejua jela inafananaje, kwa sababu nilikuwa askari wake na mfungwa wake kwa wakati mmoja, na jela yenyewe ilikuwa nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu.

Mambo yalianza na pointi. Binti yetu Benitha anaishi Montréal, kule Canada, na mumewe Cyusa. Kazi yake ni kuhudumia wazee. Benki ya kule ilimpa kadi ya mkopo, na kila anapolipa kitu kwa kadi hiyo anaandikiwa pointi. Akinunua mkate, pointi. Akitia mafuta kwenye gari, pointi. Wenzake wa kazini wakienda kula, anawaambia wampe pesa zao mkononi, kisha yeye analipia meza nzima kwa kadi ili pointi zote ziingie kwake. Pointi zikishakuwa nyingi, unazigeuza kuwa tiketi ya ndege. Aliponieleza nilicheka sana. Mimi nimenunua spea za pikipiki tangu nina nywele kichwani, na hakuna mwenye duka aliyewahi kunipa hata soda.

Lakini Benitha hakuwa anatania. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kwetu binti hazai mimba ya kwanza bila mama yake. Mama ndiye anayemkanda mzazi, anayemwogesha mtoto, anayejua uji uwe mzito kiasi gani ili maziwa yashuke. Cyusa anafanya kazi mbili na mama yake alishafariki. Kwa hiyo Benitha alichukua pointi zake zote, akamkatia mama yake tiketi ya kwenda na kurudi. Viza ikatoka.

"Papa, kiti ya Maman njo iko pale," aliniambia kwenye simu, huku akilia na kucheka. "Sasa siogope tena kuzaa."

Hapo mke wangu akaanza kuvimba kichwa. Nampenda, lakini kweli lazima isemwe. Jina lake ni Nyirahabimana, ingawa mtaani kila mtu anamwita Maman Benitha. Sote wawili tulikulia Bukavu, kule Congo, tukarudi Rwanda tukiwa tumeshaoana na Benitha yuko mgongoni. Hapa hatukuwa watu wa kujulikana; yeye ndiye aliyetujulisha. Aliingia kwaya, akawa msemaji wa kwaya. Hapiti mlangoni kwa mtu bila kusalimia, na hasalimii bila kukaa. Mtu wa namna hiyo akipata safari ya Canada, mtaa mzima unasafiri naye.

Na kwetu mtu hasafiri tu, anaagwa. Akina mama wa kwaya walimshonea kitenge cha sare. Mchungaji alimwekea mikono. Watu walisimama mmojammoja kueleza wema wake, kana kwamba marehemu yuko pale mbele kwenye sanduku. Kisha yakaja mafurushi, kwa sababu anayesafiri hubeba vya wenzake. Bashige, mama kiongozi wa kwaya, alileta sambaza zilizokaushwa, vile vidagaa vya Ziwa Kivu, za kumpelekea mpwa wake ambaye naye yuko Canada, ingawa kwa ramani mpwa huyo yuko mbali na Montréal kama sisi tulivyo mbali na Afrika Kusini. Mwingine alileta unga wa muhogo, mwingine maharage ya Gashonga. Mke wangu hakukataa furushi hata moja.

Jumanne jioni akanipigia kutoka uwanja wa ndege, Kigali.

"Papa Benitha, bamenirudisha."

"Nani amekurudisha?"

"Machine. Inasema siko mama ya mutoto yangu."

Nilifikiri ni uchovu unamsemesha. Haukuwa uchovu. Kampuni ya ile kadi inaruhusu pointi zitumiwe na mwenyewe na ndugu zake wa damu tu, maana kuna watu wanaouza pointi zao kwa wageni. Sasa mashine yao ilitazama majina. Mwenye kadi ni Benitha Gasaro, maana Gasaro ndilo jina tulilompa alipozaliwa. Abiria anaitwa Nyirahabimana. Baba, aliyeandikwa pembeni, ni Nzabonimpa. Kwetu hilo halimshangazi mtu. Kila mtoto hupewa jina lake, la baba ni la baba, la mama ni la mama. Kwao kule, watu watatu wenye majina matatu ni abiria watatu waliokutana kituoni. Wakaisimamisha tiketi.

Hawakuwa watu wabaya. Walimwambia Benitha kwamba watamshikia mama yake nafasi kwa muda, na wataibadilisha kuwa ya ndege nyingine mara tu watakapopata karatasi inayoonyesha kwamba huyu ni mama na huyu ni mwana. Karatasi yenyewe si ngumu. Kwa kuwa Benitha alizaliwa Bukavu, kompyuta za hapa hazimjui, lakini mama anaweza kwenda mwenyewe ofisini na mashahidi wawili waliomfahamu tangu kule, wasio ndugu, wakasema wanachojua, akapewa karatasi yake.

"Basi urudi, tutaenda ku bureau," nilimwambia. "Ni kintu kidogo."

Akasema, "Usiambie muntu. Nitashukia Ntendezi. Kuya na moto, na uniletee casque yenye kioo."

Nikaenda kumchukua kwa pikipiki huko Ntendezi, kabla basi halijaingia mjini. Sanduku moja nilifunga nyuma yake, jingine nikalikumbatia juu ya tangi, na yeye katikati, kichwa chake ndani ya kofia yenye kioo cheusi. Tuliingia Kamembe wakati wa magharibi, wanaume wakiingia msikitini na akina mama wa soko wakikunja turubai zao. Hakuna aliyetutambua. Nilidhani anataka kulala kwanza, aoge, apumue, halafu ndipo aonekane.

Asubuhi nikavaa shati safi.

"Tuende," nikamwambia.

"Tuende wapi?"

"Ku bureau. Tunachukua jirani Zulaikha na Bashige, beko banatujua tangu Bukavu. Banasema yao, tunapata karatasi."

"Bashige?" Alikaa kitandani ghafla. "Ule mwenye aliomba machozi ikatoka mbele ya bantu bote? Nimuambie nini? Ya kama nimefika Kigali, nikageuka, na sambaza zake mukononi?"

"Umuambie kweli."

"Bataniita Canada mpaka nitakufa."

Na hapo, ukweli ni ukweli, hakuwa anatia chumvi. Yupo mbeba mizigo mmoja pale mpakani, Rusizi ya Kwanza, aliyewahi kuagwa kwa shangwe kwenda Australia, akarudishwa. Miaka imepita, na hadi leo anaitwa Sydney. Mkewe ni Maman Sydney. Mtoto wake alipoanza shule, mwalimu aliuliza kama familia ilitoka ng'ambo.

"Sasa Benitha?" nikauliza.

"Benitha bado. Siku zake hazijafika. Unipe siku mbili tatu nitafute namna."

Nilipaswa kukataa pale pale. Sikukataa, kwa sababu mke wangu akishaweka uso ule sina nguvu, na kwa sababu nilikuwa na pikipiki ya mteja inayoningoja. Nikatoka, nikafunga mlango kwa nje. Kabla sijafika barabarani nikakutana na Zulaikha.

Zulaikha ni jirani yetu wa ua mmoja, fundi cherehani. Alikuwa jirani yetu hata Bukavu, na ndiye aliyeshona gauni la harusi la Benitha. Ana macho yanayoona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi.

"Papa Benitha, bibi yako amefika?"

"Amefika," nikasema.

Sikusema wapi. Nilijifariji kwamba hilo si uongo, na kwa neno hilo moja nikawa nimejifunga mwenyewe.

Siku mbili tatu zikawa wiki kadhaa. Hujui nyumba yako ni ndogo kiasi gani mpaka uwe na mtu ndani ambaye hayumo. Choo chetu kiko uani, na uani ndipo Zulaikha anaposhonea. Nikawa nabeba ndoo iliyofunikwa, asubuhi na mapema, kwa mwendo wa mtu anayepeleka maziwa. Nguo zake zilianikwa chini ya kitanda na hazikukauka, zikaanza kunuka. Redio iliwashwa muda wote ili itufunike sauti, kwa sababu mwanamume aliye peke yake haongei, na sisi tulihitaji kuongea. Yeye aliyekuwa akisikika kutoka ngazi za kanisa hadi sokoni akawa mtu wa kunong'ona. Alipokohoa, alikohoa ndani ya mto. Mchana kutwa alisimama kwenye upenyo wa pazia akitazama watu wake wakipita, akiniambia jioni nani kanunua viatu vipya na nani kagombana na mumewe, na machozi yakimlengalenga. Nilimwonea huruma. Nilimkasirikia pia, mara nyingine katika dakika hiyohiyo.

Nami sikuwa na nafuu. Kule gereji kila mteja alitaka habari za Canada. Kuna baridi? Kuna. Amemwona mtoto? Bado. Mbona hatumi picha za theluji kwenye kundi la kwaya? Mtandao wa kule, nikasema, mtandao wa kule ni mbaya. Dereva mmoja wa moto, pikipiki za abiria, kutoka kijijini Nyakarenzo akanitolea macho: mtandao wa Canada ni mbaya kuliko wa Nyakarenzo? Nikainamia injini, nikajifanya natafuta boliti.

Chakula ndicho kilichotumaliza. Mwanamume ambaye mkewe hayupo hanunui nyanya za watu wawili bila wauza nyanya kumjadili. Zulaikha alikuwa ananiletea sahani kila jioni kwa huruma, na sahani ya mtu mmoja ilikuwa ikirudi imelambwa.

"Majonzi inakupea njaa, Papa Benitha," akaniambia.

Akaanza kuniletea sahani mbili, na bado hazikutosha. Siku moja niliporudi kazini nilikuta chumba kinanukia. Mke wangu alikuwa amekaa sakafuni na jiko dogo la gesi, anakaanga sambaza.

"Hizo ni za nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Zilikuwa zinaharibika," akasema bila kunitazama.

Tulizila zote kwa muda wa siku chache, sambaza za mpwa wa Bashige, kisha tukafungua unga wa muhogo, kisha maharage ya Gashonga. Zilikuwa tamu mno. Tangu siku hiyo hata mimi nikaanza kuogopa mlango kufunguliwa. Kabla ya hapo alikuwa mtu aliyerudishwa na mashine. Sasa alikuwa mtu aliyekula mafurushi ya watu.

Niliendelea kumwambia twende ofisini. Nilisema nitampeleka na kofia ya kioo. Akaniuliza, na mashahidi nao nitawavisha kofia? Nilisema tutafute watu wengine waliotujua Bukavu. Akawataja mmojammoja: huyu ni binamu ya Bashige, huyu anauza karibu na kanisa, huyu mdomo wake hauna kizibo. Kila njia aliifunga mwenyewe, kisha akalia kwamba hana njia.

Na Benitha alikuwa anapiga simu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko ndoo, kuliko sambaza.

"Maman, karatasi imetoka?"

"Bado, mutoto yangu," mke wangu ananong'ona. "Chef ya bureau eko ku congé, harudi leo. Banasema turudi kesho."

Kesho yake: "Banasema machine imekufa." Siku nyingine: "Bananizungusha tu, mutoto yangu, bananizungusha."

Benitha aliwalaani watu wa ofisi kwa Kifaransa na kwa Kinyarwanda. Alisema kampuni inamwuliza kila wiki. Alisema miguu imemvimba, halali, Cyusa anatoka alfajiri na kurudi amechoka. Siku moja akasema nipewe simu.

"Papa, weye muanaume, huwezi kuongea na ule chef?"

Mke wangu alikuwa ameshika mkono wa shati langu kwa vidole vyote vitano.

"Nitaona," nikasema. "Nitaona, mwanangu."

Nikampa simu, nikatoka nje, nikakaa juu ya tofali uani. Cherehani ya Zulaikha ikasimama. Nilikuwa na neno kamili mdomoni, ningelitoa angekuwa shahidi wa kwanza, na wa pili tungempata kabla ya jioni. Nikalimeza.

Mtoto hakungoja tarehe ya daktari. Nilikuwa gereji, nimelala chini ya pikipiki, wakati Cyusa aliponipigia. Binti amejifungua. Mtoto wa kike. Uchungu ulikuwa mrefu sana, akasema, mchana na usiku na tena mchana, walifikiria hata kumpasua, lakini sasa wote wawili ni wazima. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa sana. Nilitoka chini ya pikipiki nikapiga kelele. Ningefanyaje? Ni mjukuu wangu wa kwanza. Nilipiga kelele ya furaha katikati ya barabara ya Kamembe, na wenye pikipiki wakapiga honi, na habari ikatangulia kufika nyumbani kabla yangu.

Mchana huo walikuja. Kwetu mtu akizaa, wanawake humpelekea uji. Na kwa kuwa mzazi yuko mbali na bibi wa mtoto, kama walivyojua, yuko mbali pia, waliamua kumletea babu uji. Bashige aliongoza, na sufuria ya uji imefungwa kwa kitenge. Kwaya nzima nyuma yake, na Zulaikha akaungana nao kutoka uani na birika la chai ya tangawizi. Wakajaa sebuleni kwangu. Wakaimba. Wakacheza mpaka vumbi likapanda. Kati yao na mke wangu palikuwa na mlango wa mbao usio na kufuli, na nyuma ya mlango huo bibi wa mtoto alikuwa anasikiliza akipongezwa.

Nilikaa kwenye kiti nikitabasamu, nimeupa mlango ule mgongo.

"Sasa mupigie Maman Benitha," Bashige akasema. "Tumupe félicitations. Tumuone na mutoto ku mapaja."

"Sina megas za internet," nikasema.

"Miye niko nazo," akasema Zulaikha, na kabla sijanyanyuka alikuwa ameshabonyeza namba ya Benitha, ile waliyokuwa wakiongelea gauni la harusi.

Uso wa binti yangu ukatokea kwenye kioo. Alikuwa amelala, midomo imepasuka, nywele zimemganda kwenye paji la uso. Wanawake wakapiga vigelegele. Akawatazama kwa furaha, akafuta macho.

"Aksanti, bamaman. Aksanti sana. Munipe basi Maman yangu, nimuonyeshe mutoto."

Vigelegele vikakatika. Bashige alifungua mdomo, na ningesema nini Mungu wangu kama angesema alichotaka kusema. Zulaikha alinitazama. Akatazama sahani mbili juu ya meza, zile alizoniletea jana. Akatazama mlango wa chumbani.

"Ulale kwanza, mutoto yangu," akaiambia simu, taratibu. "Tutakuita." Akakata.

Mlango ukafunguka. Mke wangu akatoka amevaa kanga ya kulalia, hajachana nywele, amepauka kama mtu aliyetoka hospitali. Alisimama pale mbele ya kwaya yake, mikono imening'inia. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na yeye kwa pamoja.

"Sikufika," alisema. "Nilirudishwa Kigali. Na sambaza zako, Bashige, tulizikula."

Bashige akaweka sufuria chini. Nilingoja tusi, nilingoja kicheko, nilingoja lile neno, Canada. Bashige akamwendea, akamshika mkono juu ya kiwiko, akaupima kwa vidole.

"Umekonda," akasema. Halafu akakasirika. "Na mutoto yako amezaa peke yake, ju ya sambaza?"

Nikaeleza mimi, habari ya pointi, majina, karatasi, mashahidi wawili. Nilieleza yote haraka kama mtu anayetapika. Nilipomaliza Zulaikha aliuliza swali moja tu.

"Bashahidi babili tu?"

"Babili tu."

"Na miye nilikuwa hapa," akasema. "Ku dirisha yenu."

Asubuhi yake tulikwenda ofisini, mke wangu katikati, Bashige kulia, Zulaikha kushoto. Ndiyo, watu walikodoa macho. Ndiyo, kijana mmoja wa moto aliita "Canada!" na wenzake wakacheka, lakini nilipomtazama vizuri, yeye ambaye namtengenezea breki, akaacha. Mambo yaliishia hapo. Ofisini bwana mmoja mpole aliwasikiliza mashahidi, akaandika, akagonga muhuri, akatupongeza kwa mjukuu. Tulikuwa tumerudi nyumbani kabla chai ya asubuhi haijapoa. Mke wangu alikuwa ameishika ile karatasi kwa mikono yote miwili. Tuliipiga picha, tukaituma.

Benitha alipiga siku iliyofuata. Simu niliishika mimi, sauti ikiwa juu, na mke wangu amekaa pembeni yangu kwenye kochi. Mlango ulikuwa wazi, watu wanapita, na hilo lilikuwa bado linanishangaza.

"Papa, kampuni imejibu," akasema. Alikuwa na sauti ya mtu asiyelala. "Bamekubali. Pointi zimerudi zote. Lakini ile kiti yenye balikuwa banashika, baliiacha wiki iliyopita. Na viti ya pointi haiko mingi. Ingine iko mwezi ya saba."

Nikahesabu kichwani. Mwezi wa saba mtoto atakuwa anakaa mwenyewe, na uji wa mzazi utakuwa umeshasahaulika.

"Tutangoja," nikasema. "Si kitu."

"Ni kitu, Papa!" akapaza sauti, na mtoto akaanza kulia nyuma yake. "Karatasi ingefika ile wiki ya kwanza, Maman angekuwa hapa. Baliniambia. Kiti ilikuwa inamungoja. Niambie jina ya ule chef. Nitamuandikia, nitaandikia wakubwa wake, nitamuweka ku internet dunia yote imuone. Anaitwa nani?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na chef tayari, niliyemtunga hapo hapo, mnene, mwenye kiburi, aliyehamishiwa mkoa mwingine. Ungekuwa uongo wa mwisho na tungelala usingizi. Mke wangu aliichukua simu kutoka mkononi mwangu.

"Anaitwa Nyirahabimana," akasema.

"Nani?"

"Ni miye, Benitha. Hakuna chef. Sikuendaka ku bureau hata siku moja. Jana njo nilienda, na balitupea karatasi ile asubuhi. Nilikuwa na haya ya bantu. Nilijificha mu chumba."

Tulimsikia mtoto akilia. Tulimsikia Benitha akimtuliza. Mke wangu alikuwa ameibana simu sikioni ingawa sauti ilikuwa inajaza sebule nzima.

"Maman," Benitha akasema mwishowe, polepole, bila hasira, na heri angekasirika. "Ile siku nilikuwa naita jina yako. Bainfirmières ba hospitali baliniuliza, mama yako eko wapi, juu ya nini hakukuya? Nikabaambia anapenda kukuya. Nikabaambia banamufungia njia."

Kisha akasema mtoto anataka kunyonya, akakata simu.